Tiba ya Usemi Majumbani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wanaosomea tiba ya usemi huniuliza maswali yaleyale kuhusu kazi ya kuwafuata wagonjwa majumbani, na karibu kila swali limebeba dhana ambayo mimi mwenyewe niliwahi kuiamini. Nazijibu hapa, ingawa si kwa uzito sawa, maana ipo moja inayoharibu kazi kuliko nyingine zote.

Dhana: Kazi ni kuwafundisha watoto kutamka vizuri, basi.

Matamshi ni sehemu tu. Ukianza kugonga milango ya watu utamkuta aliyepata kiharusi akabaki na afasia: kikombe anakijua, anajua ni cha kunywea, lakini neno lenyewe halitoki. Utamkuta mwenye ugonjwa wa Parkinson ambaye sauti imefifia mpaka mkewe anadhani amenuniwa. Utakuta kigugumizi, usonji, na watoto wanaozungumza kwa kuonyesha picha. Tena utakuta shida ya kumeza, ambayo wengi hawajui kabisa kwamba ni yetu.

Siku moja nilimkuta binti akimkorogea baba yake maji kwa unga wa kuyafanya yawe mazito ili asipaliwe. Alikuwa anakadiria kwa macho, na kwenye bilauri yalionekana sawa kabisa. Mfumo wa kimataifa wa IDDSI, unaotumika kwa wenye shida ya kumeza, hupanga vyakula na vinywaji kwa wepesi na uzito wake katika ngazi 8, kuanzia 0 hadi 7, na una kipimo chake cha vinywaji: bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe, ambalo kutoka alama ya 0 hadi ya 10 lina urefu wa milimita 61.5. Unaziba tundu kwa kidole, unajaza hadi 10, unaachia, na baada ya sekunde 10 unaziba tena na kusoma kilichobaki. Kilibaki mililita 2. Hiyo ni ngazi ya 1, yaani maji mepesi mno kwake, maana mzee alikuwa ameagiziwa ngazi ya 2, ambayo hubakisha kati ya mililita 4 na 8. Binti alinyamaza kidogo, kisha akaomba bomba libaki kwake.

Dhana: Nyumbani ni mahali pepesi pa kuanzia kazi.

Hapana, na hili nalisema kwa msisitizo. Hospitalini ukikwama unamwita mwenzako wa chumba cha pili. Nyumbani mgonjwa akipaliwa ni wewe na familia yake iliyoshikwa na hofu. Kwa anayetaka cheti cha ASHA, chama cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu kule Marekani, shahada ya uzamili haitoshi: kuna saa 400 za mafunzo kwa vitendo, kisha angalau wiki 36 na saa 1,260 za kazi chini ya msimamizi. Uingereza jina la kazi hii linalindwa na sheria. Hujiiti mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha kabla ya kusajiliwa na HCPC, baraza linalosimamia taaluma za afya kule. Kila nchi ina utaratibu wake, lakini ushauri wangu ni uleule kokote uliko: pitia kwanza hospitalini au kliniki, uone wagonjwa wengi wa aina nyingi mbele ya macho ya waliokutangulia, ndipo utoke peke yako.

Dhana: Mtaalamu akifika, mzazi apumzike kidogo.

Hii ndiyo niliyoisema pale juu. Hebu tupige hesabu. Mtoto akiwa macho saa 12 kwa siku, zinakuwa saa 84 kwa wiki. Mimi napewa moja.

Nilipoanza nilikuwa na mfuko mkubwa wa midoli. Kwa wiki tatu mtoto wa miaka miwili na nusu alisema "fungua" kila nilipomshikia kopo la mapovu ya sabuni, nami nikaandika kwenye ripoti kwamba sasa anaomba kwa maneno. Wiki ya nne mama yake akaniambia, kwa upole, kwamba neno hilo hajalisikia hata mara moja nikiwa sipo. Kumbe kopo lilikuwa linaondoka na mimi.

Mfuko ukabaki kwangu. Tukahamia kwenye vitu vyao: mlango wa bafu, bomba la maji, kifungo cha shati. Mama alishika kifungo, akamtazama mwanawe, akahesabu moyoni hadi tano bila kusema lolote. Sekunde hizo tano zilimtoa jasho, kwa sababu mikono yake ilizoea kufungua kabla hajaombwa. Mtoto akasema "fungua." Siku ile mimi sikugusa kitu.

Wala si mtindo wangu binafsi. Mpango wa Lidcombe wa kutibu kigugumizi kwa watoto wadogo, uliobuniwa Sydney, Australia, humkabidhi mzazi tiba ya kila siku. Mtaalamu humfundisha, hupima maendeleo na kurekebisha. Marekani nayo, sheria inayohusu watoto walio chini ya miaka 3 inataka huduma zitolewe, kadiri inavyofaa, katika mazingira ya kawaida ya mtoto, nyumbani pakiwemo.

Kwa hiyo anayetaka kujenga kazi hii ajifunze kumfundisha mtu mzima aliyechoka, na ajifunze kukaa kimya mama anapokosea mara ya kwanza. Kuna wazazi watakaokuuliza, "Nimekulipa ucheze naye, mbona nacheza mimi?" Wana haki ya kuuliza. Mimi huwaeleza hesabu ile ya saa 84 siku ya kwanza kabisa, kabla hawajalipa.

Dhana: Ukiwa na ujuzi, kila kitu kinamalizwa nyumbani.

Kuna wanaopaliwa bila kukohoa hata kidogo. Chakula kinaingia njia ya hewa na uso hauonyeshi chochote. Hilo huwezi kulihakikisha kwa kutazama mezani. Inahitajika eksirei ya video au kamera inayopitishwa puani, kwa hiyo uwe na hospitali unayoelewana nayo na uandike rufaa mapema.

Dhana: Unatoza kwa saa, hesabu ni nyepesi.

Saa moja ya tiba huburuta safari, maandalizi, kuandika kumbukumbu na simu za jioni. Atakayeahirisha ukiwa umeshafika mlangoni hatakosekana. Panga wateja wa eneo moja siku moja, weka kwa maandishi masharti ya kuahirisha, na kata bima ya kitaaluma kabla ya mteja wa kwanza.

Dhana: Ukishazoeleka, unakuwa mtu wa nyumbani.

Watakupenda, watakuhadithia ya ndoa zao, watakuachia funguo. Pokea upendo, lakini funguo zirudishe. Kwangu sharti moja halijabadilika tangu mwanzo: mzazi au mlezi awepo nyumbani muda wote. Nikifika nikaambiwa kwenye simu kwamba ametoka mara moja na mtoto yuko ndani, namngojea nje ya mlango mpaka arudi.