Farasi wa Poland hawakuvamia vifaru

Wengi tumeaminishwa kwamba mwaka 1939 askari wa farasi wa Poland walivamia vifaru vya Ujerumani kwa mikuki. Sivyo. Tarehe 1 Septemba, karibu na kijiji cha Krojanty, waliwashambulia kwa panga askari wa miguu wa Kijerumani, wakawatawanya. Ndipo yakatokea magari ya deraya, yakawamiminia risasi za bombomu. Waandishi wa habari walioletwa baadaye walikuta mizoga ya farasi, na vifaru vilivyofika baada ya mapigano.

Propaganda ya Wanazi ikadaka picha hiyo, kana kwamba farasi walivamia vifaru. Mwaka 1941 filamu ya Kijerumani iitwayo Kampfgeschwader Lützow ikaiigiza. Inaniuma kuona mashujaa wakifanywa wajinga. Kwa kawaida askari hao walisafiri kwa farasi, kisha wakashuka kupigana, na brigedi zao zilikuwa na mizinga ya kupigia vifaru.