Sabuni ya maji ya ngozi unayojitengenezea: dhana potofu na ukweli wake

Anayeanza kutengeneza sabuni ya maji ya kuogea au kunawia uso huuliza kwanza habari za povu, rangi na manukato. Swali linalostahili kutangulia ni la pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au alkali: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali. Kipimo hicho ndicho kinachoamua kama ngozi itaistahimili sabuni, kama kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia vijidudu, kitafanya kazi, na kama mchanganyiko utakaa bila kujitenga.

"Sabuni asilia ya mafuta ndiyo laini kuliko zote." Sabuni halisi ya maji hutokana na mafuta yaliyopikwa na hidroksidi ya potasiamu, na pH yake huwa 9 hadi 10. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, takriban 4.5 hadi 5.5. Mtu mzima mwenye ngozi imara haoni shida, kwa kuwa ngozi yake hurudi katika hali yake baada ya kuosha. Mwenye ukurutu, mwenye ngozi kavu na mtoto mchanga hawana akiba hiyo.

"Basi tia ndimu au siki, pH itashuka." Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Sabuni halisi haiwezi kufikishwa pH 5.5 ikabaki kuwa sabuni. Asidi huirudisha kuwa asidi za mafuta, maji yakageuka kama maziwa na mafuta yakaelea juu. Anayetaka pH ya ngozi lazima aanze na visafishaji visivyo sabuni, kama slesi (SLES, kisafishaji chenye povu jingi), kokamidopropili betaini (hapa chini naiita betaini) au desili glukosidi. Hivyo huvumilia asidi ya kiasi hicho.

Lakini usilale ukiamini kwamba kitu kitokanacho na mimea ni kipole tayari. Desili glukosidi, itokanayo na mimea, kwa kawaida huuzwa ikiwa na pH ya 11 au zaidi, kali kuliko sabuni yenyewe. Yeyusha asidi ya sitriki katika maji, itie kidogo kidogo, koroga, pima kwa karatasi za pH, kisha rudia. Ndimu mbichi iache kabisa: asidi yake haitabiriki, sukari yake hulisha vijidudu, na kemikali zake zikibaki kwenye ngozi zikapigwa na jua zinaweza kuiunguza.

"Povu jingi ndiyo usafi." Povu ni hewa iliyonaswa. Kinachoondoa uchafu ni molekuli za kisafishaji, na kwa uso jumla ya takriban 10% ya kisafishaji halisi inatosha. Nasema halisi kwa sababu slesi ya rojo huwa na 70% hivi, na betaini 30% hivi. Kilichobaki zaidi ni maji. Ukizichanganya hizi mbili, molekuli zao hukusanyika pamoja na kubaki chache zilizo huru za kuichokoza ngozi. Ndiyo maana slesi yenye betaini ni pole kuliko slesi peke yake.

"Nimechemsha maji na kutia vitamini E, kihifadhi cha nini?" Dhana hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Vitamini E huzuia mafuta yasichache, bakteria haiwagusi. Kuchemsha huua vilivyomo wakati ule, si vitakavyoingia kesho na mkono wenye maji. Bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa anaweza kuishi ndani ya sabuni ya maji, na chupa ikaonekana safi isiyo na harufu. Akiingia kwenye jicho au kidonda, madhara yake ni makubwa. Mafuta ya manukato nayo hayaokoi: kwa kiasi cha kuua vijidudu, ngozi ingeungua kwanza.

Wapo wanaotia fomalini, yaani fomaldehidi iliyoyeyushwa katika maji. Wasifanye hivyo, mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka fomaldehidi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tumia fenoksiethanoli isiyozidi 1%, au benzoeti ya sodiamu, na hapa pH inarudi tena. Benzoeti hufanya kazi ikiwa katika umbo la asidi, linaloweza kupenya ndani ya kijidudu. Katika pH 5, sehemu moja hivi kati ya saba iko katika umbo hilo. Katika pH 7, haifiki hata 1%. Kihifadhi kilekile, kiasi kilekile, kinga hakuna.

"Chumvi ikizidi, sabuni inazidi kuwa nzito." Ni kweli hadi kilele fulani tu. Ukikipita, mchanganyiko wa slesi na betaini huwa mwepesi kama maji, na kuongeza chumvi zaidi huuharibu zaidi. Kwa kuwa manukato na asidi nayo hubadilisha uzito, maliza hivyo kwanza, kisha tia maji ya chumvi mwishoni kidogo kidogo. Desili glukosidi ikiwa peke yake haizitishwi na chumvi. Inahitaji gundi ya zanthani, unga wa kuzidishia uzito.

"Ikikaribia kwisha, iongezee maji." Kihifadhi kilichopimiwa gramu 200 hakitoshi gramu 300, na maji hayo huenda yakapandisha pH juu ya pale benzoeti inapofanya kazi. Tengeneza kidogo, pima kwa mizani badala ya vijiko, na ukitaka sabuni nyepesi zaidi, punguza visafishaji tangu mwanzo.