Klachi haiachii: pima fimbo kabla ya kushusha giaboksi

Gari la manyuali likigoma kuingia gia injini ikiwa inaunguruma, zima injini ujaribu tena. Gia zikiingia laini, klachi haiachii: flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini) bado inaikokota pleti ya klachi, ile inayopeleka mzunguko kwenye giaboksi, hata pedali ikiwa chini kabisa. Zikiendelea kuwa ngumu, angalia kebo za gia au giaboksi yenyewe.

Mafundi wengi hapo hukimbilia kushusha giaboksi na kumwambia mwenye gari anunue klachi nzima. Mapema mno. Kwenye gari kama Toyota Hilux, pedali husukuma silinda ya juu, nayo hupeleka mafuta hadi silinda ya chini, iliyofungwa nje, ubavuni mwa giaboksi. Mwenzako akanyage pedali hadi mwisho, nawe shika rula utazame fimbo ya silinda hiyo inayosukuma uma, yaani mkono unaoachisha klachi. Kwa pikapu nyingi husogea kama milimita 10 hadi 15. Ikisogea kidogo, giaboksi haina kosa. Tafuta kosa kabla yake, kuanzia pedali hadi silinda ya chini.

Pedali inayoshuka yenyewe taratibu ukiikandamiza, huku nje hakuna tone, inaonyesha mipira ya kuzibia ndani ya silinda ya juu inapitisha mafuta kwa ndani. Ukipampu mara mbili tatu na gia zikaingia, kuna upepo, au silinda hiyohiyo imechoka. Funua kifuniko cha vumbi cha silinda ya chini: kukiwa na majimaji, inavuja. Pitisha mkono pia kwenye fimbo ya pedali ndani ya kabini, maana silinda ya juu huvujia huko na zulia hunyonya ushahidi. Bomba la mpira linalopitisha mafuta nalo likizeeka huvimba pedali inapokanyagwa. Lishike ulisikilize kwa vidole.

Kubadilisha mipira peke yake kunafaa tu kama ukuta wa silinda ni laini. Ukuta ukiwa na michirizi au kutu, mipira mipya italika upesi, kwa hiyo nunua silinda nzima. Jaza mafuta ya breki ya DOT 3, au aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi. Oili ya injini au ya hidroliki, hata tone, huvimbisha mipira yote.

Kutoa upepo: valisha niplo (skrubu ya kutolea upepo) ya silinda ya chini kimpira cha plastiki angavu, ncha yake izame kwenye chupa yenye mafuta ya breki. Mwenzako akanyage na kushikilia, fungua niplo, funga, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi ndani. Rudia mpaka mapovu yaishe, na tangi lisikauke. Mafuta yakimwagikia rangi ya gari, mwagia maji mara moja.

Malizia na pedali. Kwenye Hilux, mchezo wake, yaani umbali inaoshuka bure kabla ya kuanza kusukuma, ni milimita 5 hadi 15, na hurekebishwa kwenye fimbo ya silinda ya juu. Usiukaze wote uishe: pistoni isiporudi mwisho, mafuta hayarejei kwenye tangi, na klachi itateleza hadi iungue.

Fimbo ikisogea vizuri na gia bado zinakwaruza, sasa shusha giaboksi. Kagua uma uliopinda, vidole vya presha pleti (inayobana pleti ya klachi kwenye flaiwili) vilivyolika, pleti iliyofungwa kinyume, kutu kwenye meno ya shafti ya giaboksi, na beringi ndogo ya katikati ya flaiwili. Hiyo beringi ikikwama huzungusha shafti hata klachi ikiwa imeachia kabisa, na ndiyo inayosahaulika mara nyingi zaidi.