Bustani ya madumu na vifuu wakati wa kipupwe: tunayoambiwa na yalivyo

Juni ikiingia, mvua za masika zikapungua na upepo wa kusi ukashika, watu wa Mombasa hutoa shuka za pili na kusema baridi imekuja. Mimi hupanda mboga juu ya paa la nyumba tuliyopanga Majengo, katika madumu, ndoo zilizopasuka, magunia na vifuu. Kila mwaka, mwezi huohuo, hupanda ngazi mtu wa kunipa shauri. Nia yake ni njema, lakini mara nyingi shauri lenyewe lingemuua hata mchicha. Mengine yametoka kwa wenye mashamba ya bara, mengine kwenye video za nchi za theluji. Nayaandika kwa sababu nimeona majirani wawili wakiacha kupanda kabisa baada ya jaribio moja, na wote wawili walikuwa wamefuata walivyoambiwa.

"Ngoja baridi ipite ndipo upande"

Hili ndilo linalotukosesha mengi. Baridi ya Mombasa ni nyuzi 20 hadi 22 usiku, na mchana 27 au 28. Hakuna mboga tunayoila inayokufa kwa baridi hiyo, nyingi huipenda. Kinachoziua ni kaskazi, Januari mpaka Machi, mchana unapofika 32 au 33 na usiku ukabaki na fukuto lake. Wakati huo dania hukimbilia maua kabla hujaichuma mara mbili. Mbegu ya saladi hugoma kuota udongo ukipita nyuzi 30 hivi. Nyanya nayo huchanua vizuri, ukafurahi, kisha maua yakapukutika moja moja, kwa sababu chavua huharibika usiku usiposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mwenye bustani hulaumu mbegu, au huambiwa ana mkono mbaya. Mkono wake ni mzima. Alipanda mwezi usiokubali.

Kwa hiyo hesabu urudi nyuma. Miche ya nyanya iliyohamishwa mapema Julai hushika matunda Agosti na Septemba, usiku ukiwa bado na ubaridi. Sukuma wiki ya Juni huanza kuchumwa Agosti. Mchicha na majani ya kunde hayakuweki hata mwezi. Dania, pasua kwanza kila mbegu iwe mbili kwa kuibingirishia chupa juu ya meza, kisha uiloweke usiku kucha. Usipoipasua huota kwa kusitasita.

"Funika mbegu kwa chupa zipate joto"

Nimeziona video hizo nami nikazifuata. Wenzetu wa Marekani hukata mtungi wa maziwa katikati, wakaweka udongo na mbegu, wakaufunga tena na kuuacha nje kwenye theluji. Kwao ni jambo la akili sana: mtungi huzuia barafu na ndege, na ziko mbegu za huko ambazo lazima zipitiwe na baridi wiki kadhaa ndipo ziamke. Lakini bamia, mchicha, mnavu, biringani na pilipili hazidai baridi ya namna hiyo. Na chupa iliyofungwa, ikipigwa na jua la hapa saa moja tu, ni chungu kilichofunikwa. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza trei nzima ya nyanya kwa siku moja. Miche ililala ikawa kama mboga iliyochemshwa.

Chupa zile zina kazi nyingine. Chukua ya nusu lita, toboa kifuniko kwa sindano, tundu moja, ukate kitako, kisha uizike kichwa chini kando ya mche. Ukiijaza asubuhi, maji hushuka polepole kwenye mizizi na kusi haliyapati.

Ukuta wa joto

Vitabu vya Ulaya husema weka vyombo upande wa kusini wa ukuta, ndiko kuliko jua. Nimesikia shauri hilo likirudiwa hapa kama amri. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Kuanzia Aprili mpaka Agosti jua la saa sita hupita upande wetu wa kaskazini. Ukiweka madumu kusini mwa ukuta mwezi wa Julai umeyaweka kivulini, tena ukayaelekeza usoni mwa kusi, linalobeba chumvi ya bahari na kukausha udongo kabla ya adhuhuri. Yasogeze upande wa kaskazini wa ukuta huohuo: yatapata jua, na ukuta utayakinga na upepo. Kama paa lako ni wazi pande zote, pazia la makuti au gunia lililofungwa kwenye miti miwili latosha. Desemba jua likihamia kusini, unayahamisha. Ndiyo faida ya kupanda kwenye vyombo.

"Tia kokoto chini ili maji yatoke"

Karibu kila mtu anaamini hili, na linasikika kuwa kweli. Lakini maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Kwa hiyo ukiweka kokoto, ile sehemu yenye tope haiondoki. Imepanda tu, imesogea karibu na mizizi, nawe umepunguza nafasi ya udongo. Kinachotoa maji ni matundu. Pasha msumari kwenye jiko la makaa, utoboe dumu la lita 20 matundu sita hadi manane chini, na mengine mawili matatu ubavuni karibu na kitako. Liinue kwa matofali mawili ili matundu yasizibwe na sakafu.

Gunia ni habari nyingine. Mawe yanayopangwa katikati yake kama nguzo, kutoka chini hadi juu, yanafaa, maana kazi yake ni kuyafikisha maji kwenye udongo wa chini ambao vinginevyo hubaki mkavu.

"Tia jivu, tia maganda ya mayai"

Hapa naomba msomaji wa Mombasa anisikilize kwa makini, kwa sababu shauri hili ni zuri mahali pengine na baya kwetu. Bara, kwenye udongo mwekundu wenye ukali wa asidi, jivu huupoza udongo na kuongeza madini. Kisiwa chetu na ukanda wake kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Mchanga wa uani, changarawe ya pwani, vumbi la kuta za nyumba za zamani, vyote vina chokaa ya kutosha na kuzidi. Ukiongeza jivu umeongeza kile kile kilichokuwa kimezidi. Chuma kimo udongoni lakini mizizi haiwezi kukichukua, na utaona majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mtu akiona manjano huongeza jivu.

Maganda ya mayai hayadhuru sana, ila huoza polepole mno kuisaidia nyanya ya msimu huu. Ile nyanya inayooza kitako kwa kawaida haikukosa chokaa. Ilikosa maji ya mpango: leo imefurika, kesho kutwa imekauka, na chokaa husafiri na maji.

Dawa ya udongo wetu ni mboji, na ushahidi wake uko Bamburi. Machimbo ya matumbawe ya kiwanda cha saruji yaliachwa mashimo meupe, hayana hata jani. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti humo. Katika aina 26 alizojaribu, 3 tu ndizo zilizosimama, mmojawapo mvinje. Majani ya mvinje yalianguka yakakaa tu, hayaozi, mpaka walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Leo ni msitu, ndiyo Haller Park ambayo watoto wetu hupelekwa kutazama viboko na twiga. Watu hushika habari ya wanyama. Mimi nilishika habari ya majongoo. Juu ya jiwe tupu la chokaa udongo ulitengenezwa kwa majani yaliyooza, basi dumu la lita 20 halitushindi.

Mboji yangu huiva katika ndoo iliyotobolewa: maganda ya ndizi na viazi, majani ya chai, majani makavu yaliyofagiwa, samadi ya mbuzi. Machicha ya nazi natia kidogo na kuyafukia katikati, maana yakiachwa juu huita panya na siafu. Samadi ya kuku usiitie mbichi kwenye mche kwa kudhani unauharakisha, huunguza mizizi. Iache miezi miwili au mitatu kwanza.

"Chombo chochote kilichotupwa kinafaa"

Si chochote. Dumu la mafuta ya kupikia, ndoo ya unga, kreti, gunia la mchele kutoka soko la Marikiti au la Kongowea: sawa. Chombo kilichobeba dawa ya wadudu, asidi au oili ya injini usikitumie hata ukikisugua mara kumi. Mikebe ya rangi ya zamani huiacha pia, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, ile metali yenye sumu. Na usichote udongo karibu na mahali panapofumuliwa betri. Mombasa tunajua gharama yake: katika mtaa wa Owino Uhuru, risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu iliingia katika udongo na damu ya watu, na mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Fidia haiitoi risasi kwenye mifupa ya mtoto.

Tairi, mimi hupandia maua tu. Zina zinki na mafuta ya kiwandani, na jua la hapa huzichoma mchana kutwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, kwa hiyo ile desturi ya kukuzia miche katika mifuko ya dukani tuiache. Kifuu chenye tundu ni bora kwa mche mmoja, na trei ya mayai ya karatasi hufaa pia ukiilinda na upepo.

Kuna makumbi ya nazi, ambayo yakichambuliwa na kuchanganywa na mboji hushika maji ajabu. Lakini uliza yametoka wapi. Nilipata gunia zima kwa mzee msuka kamba, naye akaniambia kabla sijalipakia: "Mwanangu, haya yamefukiwa pwani miezi. Yameinywa bahari. Yaoshe mpaka ukiyaonja maji yake usikie maji." Niliyaosha mara tano.

Maji

Wengi wetu tunategemea visima, na kisima cha kisiwani mara nyingi kina chumvi. "Maji ni maji" haikubaliki na maharagwe wala karoti wala vitunguu, hivyo vitadumaa. Mchicha na spinachi huvumilia zaidi. Ukiwa na maji ya mfereji kidogo, yatumie kwa miche, na kila baada ya wiki mbili uyamwage mengi mpaka yatoke chini, ili yachukue chumvi iliyojikusanya. Mvua za kipupwe hukufanyia kazi hiyo bure. Maji ya kuoshea mchele ni mazuri. Ya sabuni ya unga yana sodiamu, nayo ni chumvi nyingine.

Na sahani unazoweka chini ya vyombo, ziondoe. Mbu wa dengi, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, hutaga katika maji ya kiasi cha kikombe, na kwa joto letu mayai huwa mbu kwa siku kumi hivi. Hayo mayai hukaa makavu miezi yakisubiri maji, kwa hiyo kumwaga hakutoshi. Sugua kuta za chombo. Tuliuguza dengi 2013, 2017 na 2021, na mwishoni mwa 2017 chikungunya ikaingia, watu wakashindwa kukunja vidole. Jirani akikulalamikia kwamba madumu yako huleta mbu, usimkasirikie. Mpandishe juu mkague pamoja.

"Udongo ukishavunwa umekufa"

Oktoba joto likirudi, nyanya zikamalizika, watu hung'oa na kumwaga udongo mtaroni. Udongo ule umewagharimu miezi. Kata mashina juu uiache mizizi iozee humo, changanya kibakuli cha mboji kwa kila dumu, funika juu kwa makuti yaliyokatwakatwa. Mvua za vuli zitaukuta tayari. Kaskazi haikatazi kila kitu: bamia, kunde na matembele hulihimili joto lake, na matembele hayahitaji hata mbegu, ni kipande cha shina chenye vifundo vitatu, viwili vikiwa chini ya udongo. Mimi huyapanda kwenye madumu yaliyotoka nyanya, yakateremka ukutani mpaka dirisha la jirani wa chini, ambaye huchuma yanayomfikia.