Bomu likilipuka, uchaguzi huahirishwa?

Wengi hudhani shambulio la kigaidi likitokea karibu na siku ya kura, uchaguzi husogezwa wenyewe, au rais hutamka tu ukasogea. Sivyo.

Tazama Hispania. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka ndani ya treni za abiria mjini Madrid, yakaua watu zaidi ya 190. Kampeni zilisimamishwa, lakini siku tatu baadaye watu walipiga kura kama ilivyopangwa, tena wengi kuliko mwaka 2000. Serikali ya waziri mkuu Aznar, iliyokuwa imekimbilia kuilaumu kimakosa ETA, kundi lenye silaha lililodai uhuru wa eneo la Basque, ikashindwa. Wapo wanaosema magaidi ndio waliomchagua Zapatero, kiongozi wa upinzani aliyeshinda. Mimi naona hapo wapiga kura wanaonewa, maana wengi walikasirishwa na namna walivyopewa habari.

Kuahirisha kumewahi kutokea, ni kweli: kura za mchujo za New York za 11 Septemba 2001 zilisitishwa asubuhi ile ile, zikarudiwa tarehe 25. Lakini hizo zilikuwa kura za jimbo moja, ambalo mji wake mkubwa uligubikwa na moshi. Tarehe ya uchaguzi mkuu wa Marekani imewekwa na sheria ya Bunge, na rais peke yake hawezi kuigusa.