Ukurasa Una Kasi, Ndiyo, Lakini kwa Nani? Dhana Potofu Kuhusu Kupima Kurasa za Wavuti

Muulize mtengenezaji wa programu za wavuti kama kurasa zake zina kasi, naye atakutajia namba moja: sekunde mbili, alama 96, milisekunde 80. Namba yenyewe huenda ni sahihi kabisa. Ila haisemi ilitoka kwenye simu ya nani, kwa mtandao upi, wala ni akina nani hawakuhesabiwa. Dhana nyingi potofu kuhusu kupima kasi huzaliwa hapo.

Dhana: "Seva inajibu upesi, basi ukurasa una kasi"

Kumbukumbu za seva huanza kuhesabu ombi linapofika na huacha jibu linapoondoka. Kabla ya hapo kivinjari kimeshatafuta anwani ya tovuti, kimefungua muunganisho, kimekubaliana na seva kuhusu usimbaji fiche wa data, na pengine kimeelekezwa kwingine mara moja au mbili. Baada ya hapo bado kuna kupakua, kusoma HTML, kuvuta picha na fonti, kisha kuendesha JavaScript. Kwenye simu dhaifu, hiyo kazi ya mwisho peke yake inaweza kuchukua muda mrefu kuliko safari yote ya mtandaoni. Seva haioni lolote kati ya hayo.

Dhana: "Ukurasa ukishapakia, kipimo kimekwisha"

Tangu W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilipoidhinisha kiwango cha Navigation Timing mwaka 2012, imekuwa rahisi kusoma muda wa tukio la `load`, yaani ishara ya kivinjari kwamba ukurasa umemaliza kupakia, na kuuita muda wa ukurasa. Lakini fikiria programu inayojichora kwa JavaScript. HTML inafika ikiwa karibu tupu, skripti inafika, `load` inatokea, na ripoti inaandika sekunde 1.4. Wakati huohuo mtumiaji anatazama kiduara kinachozunguka, kwa kuwa data yenyewe ndiyo kwanza imeombwa. Kinyume chake pia hutokea: mtu yuko aya ya tatu akisoma kwa raha, na `load` bado inasubiri tangazo lililo chini kabisa ya ukurasa.

Ndiyo maana mwaka 2020 Google ilileta vipimo vinavyokaribia kile mtu anachokiona. LCP ni muda hadi picha au kipande kikubwa zaidi cha maandishi kinachoonekana kichorwe. Hadi sekunde 2.5 ni vizuri. CLS hupima jinsi vitu vinavyorukaruka mahali pake ukiwa unasoma, na isizidi 0.1. Cha tatu mwanzoni kilikuwa FID, kilichoangalia tu ucheleweshaji kabla ya mguso wa kwanza kuanza kushughulikiwa, hivyo tovuti nyingi zilikifaulu bila jasho. Tarehe 12 Machi 2024 nafasi yake ilichukuliwa na INP, ambayo hufuatilia miguso na mibofyo yote hadi skrini ibadilike. Kikomo chake kizuri ni milisekunde 200.

Programu za ukurasa mmoja, zile zinazobadilisha skrini kwa JavaScript bila kupakia ukurasa upya, zina kasoro ya ziada. Mtumiaji akitoka orodha ya bidhaa kwenda kwenye malipo, kwa macho yake amefungua ukurasa mpya. Kwa kivinjari ni ukurasa uleule. Ukitegemea vipimo vya upakiaji pekee, ripoti yako inahusu skrini ya kwanza tu. Safari za ndani weka alama mwenyewe kwa amri za kivinjari `performance.mark` na `performance.measure`: anza pale mtu anapobofya, maliza pale data inapoonekana. Na usitumie `Date.now()`, inayosoma saa ya kifaa, kupima tofauti hiyo. Saa ya kifaa ikirekebishwa katikati ya kipimo, unaweza kupata muda hasi. `performance.now()` haisogezwi na marekebisho hayo.

Dhana: "Wastani wetu ni sekunde tatu, tuko salama"

Chukua ziara kumi. Tisa zimechukua sekunde moja moja, ya kumi imechukua sekunde 21. Wastani: sekunde tatu. Hakuna hata mtu mmoja kati ya hao kumi aliyengoja sekunde tatu! Tisa hawana malalamiko, mmoja keshaondoka, na ripoti imeeleza mtu asiyekuwepo.

Panga ziara kuanzia ya haraka hadi ya polepole, kisha uangalie pale ulipofikia asilimia 75. Hapo ndipo viwango vya LCP, INP na CLS hupimwa: robo tatu ya ziara ziwe ndani ya kikomo. Mimi huangalia na asilimia 95, kwa sababu katika mfano ule asilimia 75 nayo ingesema sekunde moja. Aliyeumia anaonekana huko mwishoni.

Dhana: "Tumepata 100 kwenye Lighthouse"

Lighthouse ni chombo cha Google kinachopakia ukurasa na kuupa alama. Hongereni, na nasema kwa dhati. Lakini ile 100 si sekunde wala si asilimia ya watumiaji walioridhika. Ni mchanganyiko wa vipimo vitano vilivyopewa uzito, ambapo mkubwa zaidi, asilimia 30, huenda kwenye TBT, yaani muda ambao kivinjari kimezibwa na kazi ndefu kiasi cha kushindwa kuitikia. TBT inashika nafasi ya INP, kwa sababu Lighthouse inapopakia ukurasa hakuna anayeugusa. Menyu yako inaweza kuganda kila inapofunguliwa na bado ukapata 100.

Halafu kuna mashine. Kwa kipimo cha simu, Lighthouse huigiza mtandao wa megabiti 1.6 kwa sekunde na kupunguza nguvu ya prosesa mara nne. Mara nne ya nini? Ya kompyuta uliyonayo. Kompyuta ya kisasa iliyogawanywa kwa nne bado inaweza kuishinda simu dhaifu kwa mbali. Rudia kipimo mara kadhaa, chukua namba ya katikati, kitumie kugundua kama mabadiliko ya leo yameongeza uzito. Kwa kazi hiyo ni chombo kizuri sana. Kwa kumwambia bosi watumiaji wanaonaje, sicho.

Dhana: "Nimerekebisha leo, kesho ripoti ya Google itabadilika"

Haitabadilika, au itasogea kidogo tu. Data hiyo, iitwayo CrUX, hukusanywa kutoka kwa ziara za watu halisi na hujumlisha siku 28 zilizopita, kwa hiyo siku mbovu zinaondoka moja moja. Isitoshe, hutoka kwa watumiaji wa Chrome pekee, na Chrome ya iPhone haimo.

Dhana: "Namba zimepanda, basi tumeharibu"

Hii ndiyo inayoponza hata wazoefu. Mwaka 2012 Chris Zacharias, aliyewahi kuwa mhandisi wa YouTube, alieleza jinsi alivyopunguza ukurasa wa kutazama video kutoka megabaiti 1.2 hadi kilobaiti 98. Walipoanza kuupima kwa watumiaji, wastani wa muda wa kupakia ulipanda. Data ilipogawanywa kwa maeneo, jibu likaonekana: watu wa sehemu zenye mtandao hafifu, Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki zikiwemo, walikuwa wameanza kuingia. Kwao ukurasa wa zamani ulichukua dakika 20, kwa hiyo hawakuwa wakiufungua kabisa. Mpya ulichukua dakika mbili, nao waliona inafaa kungoja. Dakika mbili hizo ndizo zilizovuta wastani juu.

Bila idadi ya ziara pembeni ya muda, na bila kugawa kwa eneo na aina ya kifaa, mtu angeifuta kazi nzuri kabisa.

Dhana: "Kila aliyeingia yumo kwenye data"

Inategemea ukurasa unakutumia vipimo hivyo lini. Ukituma vipimo kwenye `load`, aliyechoka akafunga kabla hayumo, na huyo ndiye uliyemhitaji zaidi. Ukingoja `unload`, tukio la mtu kuuacha ukurasa, simu zitakuangusha: mtu anahamia programu nyingine, mfumo unaua kivinjari kimyakimya, tukio halitokei. Sikiliza `visibilitychange`, tukio la ukurasa kuonekana au kufichwa, na unapofichwa tuma kwa `navigator.sendBeacon`, amri inayotuma data hata ukurasa ukifungwa. CLS na INP hazina namba ya mwisho hadi mtu anapoondoka, hivyo kutuma mapema kunazipendelea. Ziara zilizofunguliwa kwenye kichupo cha nyuma zitenge, maana zinaweza kuonyesha dakika nzima bila mtu kungoja chochote.

Ukishabadilisha utaratibu wa kutuma, tarajia namba zionekane mbaya zaidi kuliko wiki iliyopita. Andika tarehe ya badiliko hilo juu ya grafu yenyewe, la sivyo atakayeisoma mwezi ujao atatafuta siku nzima hitilafu ambayo haikutokea.