Je, wajua? Neno moja lililokosekana liliishinda kampuni ya vidonge mahakamani

Mtu akisikia kampuni ya dawa imeshtakiwa Marekani kwa sababu mtumiaji wa vidonge vya uzazi wa mpango kapata kiharusi, haraka hukata shauri: basi vidonge ni sumu, mahakama imethibitisha. Sivyo. Sheria ya huko inakubali kwamba hata dawa nzuri ina madhara yasiyokwepeka. Kinachobishaniwa zaidi ni hiki: mtumiaji alionywa nini, na kwa maneno gani?

Mfano mzuri ni wa Massachusetts. Mwanamke mmoja alitumia vidonge vya Ortho-Novum kwa karibu miaka mitatu, akapata kiharusi mwaka 1976. Kijitabu alichopewa kilieleza kwamba damu huweza kuganda isivyo kawaida, hata kwenye ubongo, na kwamba hilo huweza kuua. Neno "kiharusi" halikuwamo, naye akaishtaki kampuni kwa onyo hilo pungufu. Jopo la raia likampa ushindi, jaji akaufuta, na mwaka 1985 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaurudisha. Ikaongeza jambo lisilo la kawaida: kwa dawa nyingi mtengenezaji akimwonya daktari inatosha, lakini kwa vidonge hivi lazima amwonye mtumiaji mwenyewe, maana mara nyingi ndiye anayechagua, na daktari humwona kama mara moja kwa mwaka. Majimbo mengi mengine hayakufuata njia hiyo.

Na hatari yenyewe hutoka wapi? Wengi hudhani kidonge huifanya damu iwe nzito kama uji. Kinachobadilika hasa ni kazi ya ini. Fikiria mafundi wanaozunguka kwenye mishipa wakisubiri ufa, pamoja na wasimamizi wanaowazuia kujenga pasipo na ufa. Estrojeni, homoni iliyomo kwenye vidonge vingi, ikimezwa hupita kwenye ini, nalo huongeza mafundi, yaani protini za kugandisha damu kama fibrinojeni, huku likipunguza wasimamizi, protini za kuzuia kuganda kama antithrombini na protini S. Siku hiyo hakuna tofali linalowekwa. Lakini ukuta wa mshipa ukiwa umeshachubuliwa na sigara au presha, ujenzi huanza upesi na huchelewa kusimamishwa. Donge likiziba mshipa wa ubongo, hicho ndicho kiharusi.

Kipimo nacho kina uzito. Enovid, iliyoidhinishwa kuzuia mimba mwaka 1960, ilianza na mikrogramu 150 za estrojeni. Vidonge vingi vya leo vina 20 hadi 35, tena za aina nyingine. Kwa hivi vya leo hatari hukadiriwa kuongezeka takriban mara mbili. Mara mbili ya nini? Tuseme ni wanawake 5 kati ya 100,000 kwa mwaka: watakuwa 10. Vidonge vya projestini pekee, homoni nyingine, visivyo na estrojeni, havijaonekana kuiongeza, ingawa waliochunguzwa ni wachache zaidi.

Hesabu hubadilika kwa mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, mwenye presha ya 160/100 au zaidi, na mwenye miaka 35 au zaidi anayevuta sigara 15 au zaidi kwa siku. Hao Shirika la Afya Duniani linasema wasipewe kabisa vidonge vyenye estrojeni.

Wakili wa kampuni anayajua yote haya. Kabla ya kukigusa kijitabu, huomba faili la matibabu: presha ilikuwa ngapi, sigara ngapi kwa siku, na picha ya ubongo ilionyesha donge au mshipa uliopasuka. Ikiwa ni mshipa uliopasuka, hoja ya damu kuganda hulegea hapohapo.